Nyumba Huvunjwa kwa Taarifa Kabla ya Kuvunjwa kwa Jiwe: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Dar es Salaam

Ukipita Goba, Madale, Kinyerezi au Kibada utaona fedha za ulinzi zimemwagwa mahali pamoja: ukuta. Tofali za inchi sita, futi nane kwenda juu, nyaya za miba au vipande vya chupa kwa juu, na geti la bati zito lisiloonyesha hata unyayo wa aliye ndani. Zunguka nyuma ya nyumba hiyo hiyo, utakuta mlango wa jikoni umefungwa kwa kitasa cha bei ya chini kuliko vyote dukani. Ukuta wa namna hiyo humchelewesha mwizi dakika moja, kisha humsitiri saa nzima akiwa kazini, kwa sababu akishatua ndani hakuna mpita njia wala jirani anayemwona.

Mwongozo huu unahusu makundi yaliyojipanga ya kuvunja nyumba. Simzungumzii sana kibaka anayevuta simu dirishani akipita, ingawa naye atapata fungu lake. Wala siwazungumzii Panya Road, wale vijana waliolitia jiji hofu Januari 2015 na tena Septemba 2022. Hao huvamia kwa wingi, mapanga mkononi, na kuwadhibiti ni kazi ya polisi na mtaa mzima. Kundi la kuvunja nyumba hupenda kimya na halibahatishi. Linataka vitu viwili tu: taarifa za nyumba yako, na dakika za kutosha bila kusumbuliwa. Linyime hivyo, litakwenda kwingine.

Wanavyogawana kazi

Nyumba huchorwa ramani kwanza. Anayechora mara nyingi haonekani siku ya tukio, na sura yake huenda ni ya mtu uliyekwisha kumpa maji ya kunywa: fundi aliyepiga rangi, kijana aliyekuja kufunga king'amuzi, mlinzi uliyeachana naye kwa ugomvi wa mshahara, au mtu anayejipitisha kila siku akiuliza vyuma chakavu. Wengi wa hao wanatafuta riziki yao halali, tena usiwafanye washukiwa kwa sura. Elewa tu kwamba mchoraji huhitaji sababu ya kuwa hapo, na kazi hizo zinampa.

Baada yake wako wavunjaji, kisha mwenye chombo: kirikuu, Noah au bajaji inayosubiri mtaa wa pili huku taa zimezimwa. Mwisho kuna mpokeaji, ambaye ndiye uti wa mgongo wa biashara nzima. Televisheni ya inchi 55, mitungi ya gesi, kompyuta mpakato, pampu ya maji, betri za sola: vitu hivi hutoka nyumbani kwako vikiwa na mteja tayari.

Kanuni ya Adhabu hutofautisha saa. Kuvunja nyumba ya kuishi mchana kwa nia ya kutenda kosa adhabu yake hufika miaka 14 jela. Usiku hufika 20. Wakiingia na silaha wakakutisha nayo ili wachukue mali, hapo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake hakipungui miaka 30. Kumbuka tofauti hiyo ukienda kuandikisha maelezo kituoni. Kama walikuwa na panga, sema panga.

Hatua ya kwanza: ziba taarifa

Anza na geti. Kufuli linaloning'inia kwa nje linamtangazia kila apitaye kwamba ndani hakuna mtu. Mwambie fundi atoboe geti dogo ili kufuli likae ndani na mkono upitie tundu lenye kifuniko. Ni kazi ya nusu siku. Karatasi za matangazo zinazochomekwa getini zitolewe siku hiyo hiyo, maana zikikaa siku tatu zimekwisha kutoa jibu kwa anayeuliza.

Boksi la televisheni mpya usiliegemeze kwenye pipa la taka nje. Likate vipande, ligeuze upande wa maandishi ndani, lifunge kwenye kiroba.

Safari ni somo lake. Desemba nusu ya jiji hupanda kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya na kwingineko, na picha za foleni ya Chalinze hujaa kwenye status kabla basi halijafika Segera. Weka picha ukisharudi. Hali kadhalika msiba au harusi: tangazo la kundi la familia linataja siku, saa na ukoo mzima utakaokuwa mbali na nyumbani. Acha mtu. Kama hakuna ndugu, mpe jirani unayemwamini ufunguo wa geti pekee, awashe taa ya baraza jioni na kuizima asubuhi, aanike hata kanga mbili kwenye kamba. Taa inayowaka mchana na usiku wiki nzima ni mbaya kuliko giza.

Dada wa kazi na kijana wa bustani wanajua nyumba kuliko wewe. Kabla ya kumwajiri mtu, chukua nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, namba za ndugu wawili ambao umewapigia kweli, na umpeleke kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa akaandikishwe. Halafu mlipe kwa wakati na umtendee utu. Siandiki hili kama hisani. Mfanyakazi anayedai mishahara ya miezi miwili ndiye anayefuatwa na mchora ramani kwa maneno matamu na elfu kumi ya vocha. Mfundishe pia kwamba maswali kama "baba anarudi saa ngapi?" na "mama kasafiri?" hayajibiwi getini hata yakiulizwa kwa upole.

Hapo ndipo wanapoingia wanaojifanya watumishi. Huja wawili, vizibao vya kuakisi mwanga, daftari mkononi: "Shikamoo mama, tumetoka TANESCO, tunakagua mita." Jibu la kufundisha nyumba nzima ni moja: "Marahaba wanangu, nionyesheni vitambulisho hapo hapo nje, nipige simu ofisini kwenu kwanza." Namba unayopiga iwe uliyoitafuta mwenyewe, siyo watakayokutajia. Mtumishi wa kweli wa umeme au wa DAWASA atasubiri, pengine akinung'unika. Mwingine atakumbuka ghafla kuwa ana nyumba nyingine ya kuanza nayo.

Hatua ya pili: nunua dakika

Hakuna mlango usiovunjika. Unachonunua ni muda na kelele. Mvunjaji anayejua kazi hapendi kupiga mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mlango wa kwanza kushughulikia ni wa jikoni. Makundi ya hapa mjini hutumia jiwe kubwa ambalo hata kwenye taarifa za polisi huitwa Fatuma. Watu wawili au watatu hulibeba na kulirusha kwenye usawa wa kitasa. Kitasa hupasua ubao unaokizunguka na mlango unafunguka wenyewe, hata uwe wa mninga. Tiba yake haipo kwenye kitasa cha bei kubwa. Iko kwenye makomeo mawili ya chuma kwa ndani, moja juu na moja chini, au bomba la chuma linalovuka mlango wote na kukaa kwenye vishikizo vilivyochimbiwa ukutani kwa zege. Hapo kishindo kinagawanyika kwenye fremu na ukuta badala ya kutua sehemu moja.

Angalia na bawaba. Mlango unaofungukia nje huwa na bawaba nje, na pini zake huchomolewa kwa nyundo na msumari bila hata mbwa kubweka. Mwambie fundi azichomelee ncha zote mbili.

Grili zina udanganyifu wake. Nyingi zimetengenezwa kwa skwea paipu, yaani bomba la mraba lililo wazi ndani, kisha zikapakwa rangi nzito zionekane ngumu. Gonga kwa ufunguo: ikilia kama kopo, ujue ulichonunua. Nondo nzima ya milimita 12 au zaidi, zikiachana kama sentimita 10, ndiyo grili. Hata hiyo haitoshi kama masikio yake, yaani vyuma vinavyoishikiza ukutani, yameshikwa na plasta. Chukua tochi, kagua kila pembe ya dirisha ambapo chuma kinaingia ukutani. Ukiona ufa mwembamba wa duara kuzunguka sikio, au plasta inayotoka unga ukiikwaruza kwa ukucha, grili hiyo inang'olewa kwa jeki ya gari: jeki inalazwa kati ya nondo mbili au kati ya grili na ukuta, inazungushwa polepole, na chuma kinatoka bila kishindo. Masikio yawe ya chuma bapa kirefu, yameingia ndani ya tofali na kumwagiwa zege.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana ugonjwa mwingine. Kioo huinuliwa kikatoka kwenye reli kwa bisibisi. Kata fimbo ngumu yenye urefu wa reli, ilaze ndani yake kila usiku. Kisha fundi apige skrubu mbili kwenye reli ya juu ili kioo kisipate nafasi ya kupanda. Na kwa kuwa joto la Dar halituruhusu kulala tumefunga, dirisha lililo wazi lisiwe na kitu mezani wala kitandani kinachofikiwa na fimbo. Kibaka hukata wavu kwa wembe, anaingiza mti wenye ndoano, anavua simu, suruali yenye pochi, hata kompyuta kwa mkanda wa begi lake. Na ufunguo wa gari.

Kabla hujaondoka kwenye grili, soma aya hii mara mbili. Nyumba iliyofungwa nondo pande zote ni mtego siku ya moto. Kila chumba cha kulala au angalau kila upande wa nyumba uwe na grili moja yenye bawaba, inayofunguka kwa ndani kwa kufuli, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaufikia gizani lakini mkono kutoka dirishani haufiki. Fanyeni zoezi. Zimamoto ni 114, lakini barabara zetu za ndani mnazijua.

Jambo ambalo halifai hata kujaribiwa ni kuunganisha umeme wa TANESCO moja kwa moja kwenye grili, geti au nyaya za ukuta. Fensi ya umeme halali ina mashine yake inayotoa mshtuko wa vipigo vifupi. Waya wa nyumbani unaua, na wa kwanza kufa huwa mtoto aliyefuata mpira. Kesi itakuwa yako.

Taa, kamera, umeme

Hapa nitapita haraka, maana wauzaji wamekwisha kusema mengi. Taa zinazowaka zenyewe mtu akipita zifungwe juu ya mlango wa nyuma na uchochoro wa tangi la maji, siyo kwenye baraza la mbele peke yake. Ziwe za sola au za betri, kwa sababu nyumba nyingi zina swichi kuu nje karibu na mita, na kuizima ni jambo la kwanza watakalofanya. Ukiona kwako kumezimika na kwa jirani kunawaka, usitoke kukagua. Washa tochi ukiwa ndani na upige simu.

Kamera inasaidia kama kinasa picha hakiko sebuleni chini ya televisheni, ambako kitabebwa nayo. Kifiche, au picha zihifadhiwe kwenye intaneti. Usielekeze kamera kwenye ua au dirisha la jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na zaidi ya hapo, jirani uliyemuudhi hatapiga filimbi kwa ajili yako.

Mlinzi na mbwa

Mlinzi mmoja anayefanya kibarua mchana na kulinda usiku atalala, awe wa kampuni au kijana wa Kimasai wa mtaani. Huo ni mwili, siyo uzembe. Afadhali majirani wanne mchangie walinzi wawili wa zamu kuliko kila mmoja kuwa na wake aliyechoka. Mpe tochi, filimbi, koti la mvua na simu yenye salio, na muwe mmekubaliana kwamba kazi yake ni kuamsha watu. Makundi haya humfunga kamba mlinzi kwanza. Ukimwachia kibanda kisicho na komeo, umemweka chambo.

Mbwa alale upande wa nyuma, asizoee kula kwa mkono wa mgeni, na achanjwe kichaa cha mbwa. Akifa ghafla, au akikutwa anatapika asubuhi, usizike na kusahau: siku hiyo hiyo mjulishe mjumbe na majirani.

Mtaa

Mwenye kundi anahesabu watu kabla ya kuhesabu nondo. Ndiyo maana mitaa mipya yenye mapagala mengi huumia kuliko Sinza iliyobanana. Pagala ni ofisi yao: hapo wanajificha, wanaangalia, na mali hupumzishwa humo kabla ya kirikuu kufika. Mwenyekiti wa mtaa ana uwezo wa kumtafuta mwenye pagala akalifyeka na kuliziba. Mfuateni kwa barua yenye sahihi za majirani, siyo kwa manung'uniko.

Ulinzi shirikishi una sifa zake nzuri na mbaya. Ukiendeshwa bila daftari, vijana wa doria wanageuka kuwa tatizo la pili. Wanaolinda waandikishwe serikali ya mtaa, wajulikane na askari kata, na michango iwe na risiti. Halafu tengenezeni kundi la simu la dharura peke yake. Lile la michango ya harusi na salamu za Ijumaa limekwisha kuzimwa sauti na kila mtu. Kwenye kundi la dharura ujumbe uwe mfupi: nyumba ya nani, wako wangapi, wameelekea wapi. Na kila nyumba iwe na filimbi, kwa sababu usiku wa mvua za masika, bati likipigwa na maji, sauti ya mtu haivuki ukuta. Wavunjaji wanalijua hilo, nanyi lijueni.

Mtakaposikia filimbi msitoke mmoja mmoja. Pigianeni, washeni taa zote za nje kwa pamoja, tokeni kwa kundi. Mkimkamata, mfungeni na kumkabidhi polisi. Kila mara tunasoma kuhusu wananchi wenye hasira kali, na kila mara mtu mwenye uwezo wa kumtaja mpokeaji ndiye aliyechomwa. Mbali na hilo, ni mauaji.

Neno moja kuhusu dawa ya kupulizwa. Kila baada ya wizi husemwa kuwa wezi walipuliza dawa ya usingizi dirishani. Chama cha kitaaluma cha madaktari wa usingizi cha Uingereza kilishatamka hadharani mwaka 2014 kuwa hakijui dawa inayoweza kulaza watu chumbani kwa namna hiyo bila wao kushtuka. Mimi nasema feni inanguruma, mtu amechoka na foleni ya Mbagala, mvua inanyesha: analala kama gogo. Ubaya wa imani hii ni kwamba inafunga uchunguzi. Badala ya kuuliza nani alijua televisheni iko chumba gani, tunauliza dawa ni ya nani.

Wakishaingia

Chagua leo chumba kimoja cha kukimbilia, chenye mlango mgumu na komeo ndani. Humo kuwe na simu yenye chaji, namba ya kituo chenu cha polisi, 112, na rimoti ya king'ora cha gari. Ukisikia kishindo, bonyeza king'ora, jifungieni, pigeni kelele mkiwa ndani. Usiende sebuleni na panga. Kama wamekukuta uso kwa uso na wana silaha, toa wanachotaka, usiwakazie macho, lakini kumbuka sauti, lafudhi, viatu. Wakiondoka usiwafuate nje.

Saa na siku zinazofuata

Usifagie. Piga 112 au kituo, mwite mjumbe awe shahidi, piga picha mlango, dirisha, jiwe lililoachwa na nyayo. Laini za simu zilizoibwa zifungwe mara moja kwa kupiga 100 kwa simu ya jirani mwenye laini ya mtandao huo huo, maana fedha za kwenye simu huhamishwa kabla hakujapambazuka. Kituoni hakikisha unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kufungua taarifa ni bure. Ukidaiwa chochote, namba ya TAKUKURU ni 113.

Maandalizi ya siku hiyo hufanywa leo: piga picha risiti za EFD na namba zilizoko nyuma ya televisheni, friji na pampu, andika IMEI, yaani namba ya utambulisho, ya kila simu kwa kubonyeza *#06#, tuma vyote kwenye barua pepe yako. Askari akikamata televisheni thelathini ghalani, atakayeondoka na yake ni mwenye namba. RB na IMEI vipeleke kwa kampuni ya simu ili simu yenyewe ifungiwe. Kama una bima ya vitu vya ndani, soma masharti kabla ya janga: nyingi hudai alama za kuvunja na taarifa ya polisi ndani ya muda uliowekwa.

Badilisha vitasa vyote wiki hiyo hiyo. Nyumba iliyovunjwa iko hatarini zaidi majuma yanayofuata. Njia wanaijua na wanajua utanunua televisheni nyingine.

Wewe nawe ukienda kununua simu iliyotumika, tuma IMEI yake kwenda 15090. Jibu likitaja aina nyingine ya simu kuliko uliyoshika, irudishe mezani. Kitu kisicho na risiti kinachouzwa nusu ya bei jioni kwenye boneti ya gari kina mwenyewe anayelia Kimara au Tegeta, na kukipokea huku unajua ni kosa la jinai.

Mpelelezi akikupigia uje kutambua mali, nenda siku hiyo hiyo. Ukiitwa mahakamani, nenda, hata kesi ikiahirishwa mara nne na mwajiri akinuna. Kesi ya kuvunja nyumba inaweza kufutwa kwa sababu mlalamikaji hakutokea, na mtuhumiwa hurudi mtaani akijua nyumba ipi haifuatilii. Beba risiti, picha, namba ya RB, na umwombe mjumbe muongozane.